Taa ya Salamu

Maman Véronique, jirani wa ukuta mmoja, anasema umeme ulikatika Mururu nzima Nzigire akimimina chai, ndipo Uwera akabisha hodi. Binti huyo alileta koti jeupe ambalo Muhigirwa, mume wa Nzigire, alilisahau kazini kwao. Yeye na Muhigirwa wakasalimiana kama watu wa huku, kila mmoja akimshika mwenzake mikono yote miwili. Taa ya sebuleni ikawaka. Walipoachiana, ikazima.

Maman Véronique huongeza chumvi, ila hapo hakuongeza. Nzigire mwenyewe aliona hadi sukari iliyomwagika mezani.

Muhigirwa na Uwera wanafanya kazi kwenye chumba cha vipimo kule Kamembe. Wanapaka vioo utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na ndani ya utando mna chembe za madini ya fedha zisizoonekana kwa jicho. Muhigirwa anaugusa kwa sindano nne, mashine inamwambia kama umeme unapita. Chembe zikikaribiana, umeme unaruka toka moja hadi nyingine. Zikiachana, unafia njiani. Jioni ile Muhigirwa alisema chembe hizo zimewaingia ngozini, yeye na Uwera, kisha akaomba chai nyingine.

Tangu hapo umeme ukikatika, Uwera anaitwa. Anakuja amejipaka mafuta, anakaa kwenye kiti cha Nzigire, mkono ndani ya mkono wa Muhigirwa, mpaka simu za majirani zijae chaji. Fundi cherehani analeta pasi yake. Mchungaji alikuja kuangalia kama mna dhambi, akachaji ya kwake, akaenda.

"Ni kazi tu, Maman," majirani walimwambia Nzigire. "Usitunyime mwangaza juu ya wivu."

Nzigire hakuwatazama wale wawili. Alitazama taa. Uwera akicheka, iliongezeka. Muhigirwa akimnong'oneza kitu, iliongezeka tena, na watu wakafurahi kwamba pasi imepata moto.

Yale makoti ya kazini alikuwa akiyafua Nzigire, miaka yote, kwa sabuni na majivu, hadi maji ya beseni yanakuwa rangi ya sufuria mpya. Mikono yake iling'aa mpaka viwikoni. Chembe za fedha zilikuwa nyingi kwake kuliko kwa Uwera, na hakuna aliyezijaribu. Mume hamsalimii mke wake namna ile. Salamu ile ni ya mgeni.

Jumapili moja umeme ukakatika giza likianza kuingia. Uwera alikuwa arusini Nyakarenzo. Majirani walishajaa uani na simu zao. Nzigire akasimama mbele ya mumewe, akanyoosha mikono yote miwili.

"Papa, unisalimie na miye."

Muhigirwa alikuwa mlangoni, anaangalia barabara.

"Basi kamata sindano zako, unipime tu."

Kutoka uani Maman Véronique aliuliza kama Uwera atakuya, maana match inaanza. Muhigirwa akasogea kidogo, apate kuona njia vizuri. Mikono ya Nzigire ilibaki palepale, chini ya taa.