Majalada ya Bluu ya Chumba Namba Tisa

Kwenye jengo la halmashauri walimwita Bi Muhuri, naye aliitika. Jina lilimganda kwa sababu mlio wa muhuri wake ulisikika mpaka kwenye benchi la wageni: ko, ko, ko, tangu asubuhi mpaka saa sita. Barua ikiingia aliigonga, akaiandika kwenye rejista, akaiweka kwenye trei ya ofisi inakokwenda. Barua za maombi ya kazi hakuzifungua. Hiyo haikuwa kazi ya masjala. Alisoma bahasha tu: nani ameandika, na anaomba kazi gani.

Miaka kumi na moja nyuma uliletwa waraka. Mwombaji mwenye ulemavu aandike hivyo juu ya bahasha, na maombi yake yasichanganywe na mengine. Yatiwe kwenye jalada la bluu, yapelekwe chumba namba tisa kwa Afisa wa Makundi Maalumu, yapewe kipaumbele. Bi Muhuri aliubandika waraka ule ukutani kwa gundi, si kwa pini, usije ukadondoka. Alikuwa na sababu yake. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa hakuna redio iliyomshinda, alitembea kwa magongo mawili tangu utotoni.

"Andika juu ya bahasha," alimwambia siku ile ya kwanza.

"Niandike nini, dada? Kwamba nina miguu ya mapambo?"

"Andika kwamba una ulemavu. Mna jalada lenu, mnatangulizwa."

"Naomba kazi ya fundi umeme. Waya hauniulizi miguu. Niache niingie na wenzangu, nikishindwa nimeshindwa."

"Wewe nawe kwa ubishi! Nani anafanya kazi pale, mimi au wewe?"

Injinia alicheka, akaandika. Ikawa hivyo mara saba. Mara saba Bi Muhuri aliipokea bahasha yenye mwandiko ule wa kulala upande, akaigonga taratibu kuliko zote, akaitia kwenye jalada la bluu na kumkabidhi tarishi alipeleke juu. Majibu hayakuja. Pikipiki ya posta ikisikika mtaani, Injinia alizima redio zote mezani, akatega sikio. Ikishapita, aliziwasha tena moja moja.

Mwaka jana alishikwa na homa. Siku nne tu, akaenda zake.

Mama yao hakulia sana mbele za watu. Lakini kila akitandika kile kitanda kisicholaliwa, aliuliza swali lile lile: "Hivi kweli hawakumjibu hata neno? Hata kumwambia hafai?"

"Wana mambo mengi, mama," Bi Muhuri alimjibu kila mara.

Basi ikawa Jumanne moja, mkuu wa utumishi akaagiza rejista ya barua ipelekwe ofisini kwake, ghorofa ya pili. Bi Muhuri aliibeba mwenyewe, maana tarishi alikuwa ametoka. Akakuta mlango uko wazi. Ndani, mbele ya meza ya mkuu, ameketi mama mmoja aliyehamishiwa pale asubuhi hiyo, afisa mpya wa dawati la usawa na ujumuishi, kalamu mkononi.

"Utaratibu tunao, tena mzuri," mkuu alikuwa akisema. "Shida ni wao wenyewe. Hawajitokezi. Miaka kumi na moja hii hatujapata ombi la mtu mwenye ulemavu, hata la dawa. Kesho nasoma taarifa mbele ya madiwani, na nimeandika hivyo hivyo."

Bi Muhuri alisimama mlangoni kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alidhani hakusikia vizuri.

"Samahani, mkuu," alisema. "Afisa wa chumba namba tisa hajakuletea majalada?"

"Afisa gani?"

"Wa Makundi Maalumu."

Mkuu alimtazama kama mtu anayemsikiliza anayeweweseka. "Bi Muhuri, nafasi ile haijawahi kujazwa. Tangu waraka utoke."

Rejista ilimponyoka. Iliangukia sakafuni kwa kishindo, na afisa mpya akaruka kitini. Bi Muhuri hakuinama kuiokota. Aligeuka, akaondoka, huku mkono wake ukipapasa ukuta wa korido kama mtu aliyezimikiwa na taa.

Tarishi alimkuta mbele ya chumba namba tisa akitikisa kitasa. Alikuwa mzee, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mistari ikasimama.

"Taratibu, binti yangu, utakivunja. Ufunguo ninao."

"Mzee, humu anakaa nani?"

"Afisa."

"Umewahi kumwona?"

Mzee aliingiza ufunguo bila haraka. "Sijabahatika. Ana kazi za nje. Maafisa si huwa wana kazi za nje? Mimi naweka majalada kabatini, Jumatatu nafuta vumbi kitini. Akirudi asije akasema tarishi mchafu."

Mlango ulifunguka. Meza moja, kiti kimoja kinachong'aa kwa kufutwa, kalenda ya miaka kumi na moja nyuma bado iko mwezi wa kwanza. Na kabati. Bi Muhuri alilifungua, akarudi nyuma hatua mbili. Majalada ya bluu yalijaa tangu chini mpaka juu, yamepangwa kwa mwaka, kingo zimelingana sawasawa. Alichomoa moja. Bahasha zote zimefungwa. Akachomoa jingine. Zimefungwa. Jingine. Gundi haijaguswa, na juu ya kila bahasha muhuri wake, mwekundu: IMEPOKELEWA.

"Hakuna aliyefungua," alisema. Sauti ilikuwa kama si yake. "Mzee, hakuna hata mmoja aliyefungua."

Tarishi alikikalia kile kiti alichokifuta miaka yote bila kukikalia.  "Mimi nilijua anakuja siku ambazo mimi sipo," alisema.

Kule chini maombi mengine yote yalikwenda kwenye jalada jeupe, na orodha za usaili zilitoka kwenye jalada jeupe. Yeyote aliyejinyamazia, akaacha kuandika kitu juu ya bahasha, alisomwa kama wengine. Ni wale waliotii waraka ndio waliofungiwa. Na Injinia hakutaka kutii.

Alizipata za mdogo wake, moja baada ya nyingine. Akafika kwenye ya saba. Aliikumbuka. Miaka miwili iliyopita nafasi ile ya Afisa wa Makundi Maalumu ilitangazwa, naye, akidhani aliyepo anastaafu, alikimbia na tangazo nyumbani: "Hii ndiyo yako! Hii imeshonwa kwa kipimo chako!" Halafu akaichukua bahasha kwa mikono yake mwenyewe, akaituma chumba namba tisa, ikamngoje afisa aje afungue barua ya kuomba uafisa.

Mkuu wa utumishi alikuwa amefika mlangoni. Alitazama kabati.  Halafu akashusha sauti.

"Bi Muhuri. Taarifa imeshachapwa. Tuyaondoe haya polepole, tuanze upya na huyu mama wa dawati. Hakuna aliyekusudia."

"Ni bahasha mia mbili na kitu, mkuu."

"Najua. Lakini ukiyasema kesho, wa kwanza kuulizwa ni nani aliyezitenga. Rejista ni mwandiko wako. Muhuri ni wako." Alisita. "Na hizo ulizoshika naona ni za mdogo wako. Mama yako ni mtu mzima. Unataka akasikie hivyo?"

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Jioni ile Bi Muhuri alikaa na mama yake wakichambua mboga, na mara tatu alifungua kinywa, mara tatu akauliza kuhusu chumvi. Akimwambia mama kwamba barua hazikufunguliwa, ni lazima amwambie pia ni nani aliyemlazimisha mtoto kuandika lile neno juu ya bahasha. Kunyamaza ni kumwachia mama swali lake mpaka kaburini.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mkuu alisoma taarifa kwa sauti ya kawaida kabisa. Alipofika kwenye maneno "hakuna ombi lililopokelewa," mlango wa nyuma ulifunguka. Bi Muhuri aliingia amebeba majalada mpaka kidevuni. Nyuma yake tarishi, amebeba mengine. Nyuma ya tarishi afisa mpya wa dawati, amekwisha kuvua koti, naye amebeba, ile rejista iliyoanguka ikiwa juu.

Waliyashusha mezani mbele ya mwenyekiti. Vumbi halikutoka, mzee alikuwa anafuta.

"Ni nini hiki?" mwenyekiti aliuliza.

"Maombi yaliyopokelewa," alisema Bi Muhuri. Akafungua rejista, akaanza kusoma tarehe, namba na kazi iliyoombwa. Mwalimu. Dereva. Mhasibu. Mpishi. Mkunga. Alisoma ukurasa mzima kabla mtu hajakohoa. Diwani mmoja wa kike alisimama, mkono mdomoni, akasogea mezani na kuanza kupekua. Akatoa bahasha moja, akaigeuza huku na huku. "Huyu ni shangazi yangu," alisema, kisha akakaa chini sakafuni, hapo hapo alipo.

"Nani aliyezitenga hizi?" mwenyekiti alinguruma.

"Mimi," alisema Bi Muhuri. "Kwa waraka wenu. Nilidhani nawatanguliza."

 Mkuu wa utumishi alikuwa ameikunja taarifa yake mara nne, na bado anaikunja.

Afisa mpya ndiye aliyesema bahasha zifunguliwe siku ile ile, hapo hapo ukumbini, na kila mwombaji aandikiwe na kuitwa. Walio hai waje, na waliokufa ndugu zao waambiwe ukweli. Kisha akamvuta Bi Muhuri pembeni, akamwekea zile saba mkononi na kumsainisha kuwa amezichukua. "Hizi zifungulie nyumbani," alimwambia.

Mama alikuwa kwenye kitanda cha Injinia, anakunja shuka. Bi Muhuri hakungoja akaribishwe kukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa mkupuo, asije akaishiwa ujasiri katikati: kabati, kiti, bahasha, na neno lile juu ya bahasha na ni nani aliyemwambia aliandike.

Mama aliacha kukunja. Macho yalimtoka.

"Hawakuzifungua?"

"Hawakuzifungua, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Kwa hiyo hawakumkataa mwanangu." Aliyasema polepole, kama mtu anayepapasa kitu gizani. "Hawakumwona kabisa." Akashika paji la uso. Bi Muhuri alisubiri, akijua kinachofuata ni yeye.

"Na wewe," mama alisema hatimaye, bila kumtazama, "ulimlazimisha."

"Nilimlazimisha."

Mama alinyoosha mkono. Bi Muhuri alidhani atasukumwa. Mkono ulichukua bahasha ya juu, ukaipapasa pale penye wino mwekundu, ukamrudishia.

"Soma."

Alichana ukingo kwa kisu cha mezani. Karatasi ilikuwa bado nyeupe kama ya jana. Alianza kusoma, na kwenye mstari wa pili akakoma.

"Soma," mama alirudia.

"'Nimeeleza hali yangu juu ya bahasha,'" alisoma Bi Muhuri, "'kwa ushauri wa dada yangu, ambaye namwamini kuliko nafsi yangu.'"

Alishusha karatasi. Mama alikuwa ameuma ncha ya shuka, analia hatimaye, bila sauti, mabega tu. Alimpisha nafasi kitandani, akapiga godoro kwa kiganja.

"Kaa," alisema. "Bado sita."