Kola za Sare

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, pale hospitalini, kwenye dirisha la dawa. Binti yangu alikuwa amekwisha kukunja mkono wa blauzi, tayari kwa sindano yake ya kila mwezi. Yule wa ndani hata macho hakuinua. "Sindano zimeisha. Rudini mwezi ujao."

Mwezi ujao! Kana kwamba ugonjwa wake wa akili, skizofrenia, nao huenda likizo. Wakubwa magari mapya wamekumbuka kuagiza, yamejaa uani yanameta. Sindano ndiyo wamesahau.

Binti yangu ni fundi cherehani, na nalisema hili kifua mbele: uvute mshono wake, kitakachochanika ni kitambaa. Alikuwa na kazi ya sare za shule nzima. Siku ya sindano ikapita, na sauti zikamrudia. Marehemu mama yake aliziita wageni, akatufundisha kukaa nazo: usibishane naye, na usimdanganye.

Asubuhi moja nikamkuta sakafuni anafumua kola zote alizokwisha shona.

"Wageni wanasemaje leo, mwanangu?"

"Kuna waya humu ndani, baba. Wanataka kuwasikiliza watoto."

"Mimi waya siuoni. Ila naona unaogopa. Sogea, tutafute wote."

Nikachukua mkasi mdogo, nikakaa naye chini. Tulifumua kola baada ya kola mpaka zote zikaisha. Nje, jirani mmoja mnene alikuwa anapayuka, "Mfungeni kamba huyo!"

Kaka wa binti yangu, makanika, akamjibu kutoka mlangoni, "Kamba ninayo, mzee, ya kuvutia malori. Njoo tuijaribu kwako kwanza."

Watu wakacheka, wakatawanyika. Naye kijana wangu akapanda basi kwenda mji mwingine kuitafuta dawa, akarudi ameibana kifuani kama amebeba yai. Muuguzi wa mtaani akamchoma dada mtu.

Wageni hawakuondoka mara moja. Walipunguza kelele polepole, mpaka wakabaki kunong'ona. Binti akarudi kwenye cherehani. Mimi nikawa mpiga pasi, kaka mtu akawa mkata nyuzi.

"Grisi hiyo, kaka! Nenda kanawe!"

Nilipomsikia anafoka hivyo nikajua mwanangu amerudi.

Shule ilipokaribia kufunguliwa, mwalimu mkuu alizigeuza kola ndani nje. "Mwaka huu zimelala vizuri kweli."

"Zimeshonwa mara mbili," binti yangu akamjibu, bila kuinamisha kichwa.

Kesho yake nilivaa shati alilonishonea, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mganga mkuu. Nikamwambia aitazame kola yangu.

"Aliyeshona hii ni mgonjwa wenu. Sindano yake ya mwezi ujao ipo?"

Akaipapasa kola, akausifu mshono, akaniuliza kama fundi huyo hushona na suti. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani:

"Mkubwa, sindano ipo, au haipo?"