Dirisha la Nyumba ya Vasant

Saa nne asubuhi ya Jumanne, Mutembei alimaliza kufunga dirisha katika ukuta wa sebule yake, Nshamba. Alilipima kwa timazi, akaona limesimama sawa, akamwita mkewe Jovita aje ajaribu bawaba. Lilikuwa dirisha la mvule lenye mabawa mawili, na lilikuwa limelala miaka mitano katika uwanja wa mbao chakavu mjini Bukoba. Muuzaji alisema lilitoka kwenye nyumba ya marehemu Vasant, ile nyumba ya duka iliyotazama ziwa, kabla haijavunjwa.

Jovita alifungua. Nje ya dirisha hapakuwa na kibanja chao cha migomba. Palikuwa na baraza yenye sakafu nyekundu, barabara ya vumbi, na baada ya barabara, ziwa. Lori la pua ndefu lilipita likiwa na magunia ya kahawa.

"Migomba iko wapi?" Jovita aliuliza.

Mutembei alitoka kwa mlango, akazunguka nyumba. Migomba ilikuwa mahali pake.

"Iko huku," alipaza sauti.

"Basi umelifunga kinyume."

"Dirisha halina kinyume, mama."

Jovita hakubishana. Kilichomsumbua ni kwamba asingeweza tena kuwaona mbuzi wakiisogelea kahawa aliyoianika, kwa hiyo aliuhamishia mkeka wa kahawa upande wa mlangoni. Majirani walikuja kuangalia. Katekista alisimama mbele ya dirisha muda mrefu, kisha akasema lori lile ni la zamani sana, baba yake alikuwa utingo wa moja kama hilo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na maandishi mapya juu ya duka la jirani, na kalenda iliyotundikwa barazani ilisema 1952. Siku ya tatu ilisema 1953. Baada ya hapo hawakuhitaji kuangalia kalenda. Siku moja ya Nshamba ilikuwa siku moja ya Bukoba, ila ya mwaka uliofuata. Upepo wa ziwa uliingia, na siku ya mwaka 1955 wakaingia senene, wale panzi wa kuliwa. Jovita aliwakusanya, akawanyonyoa, akawakaanga. Ladha yao ilikuwa ileile.

Jumapili, baada ya misa, Jovita alimwambia mumewe kwamba mwenye nyumba ile aliacha mjane, na kwamba si vizuri kutazama baraza ya mtu bila kumwarifu. Mutembei akapiga simu.

Mjane huyo, Induben, aliletwa na mjukuu wake Jalpa, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amepanga naye vyumba viwili Kahororo. Alikuwa na miaka themanini na minne. Alimwamkia Jovita kwa Kihaya, kama alivyowaamkia wateja wake maisha yake yote, akaketi mbele ya dirisha. Siku ile ilikuwa ya mwaka 1961. Msichana aliyevaa sari nyekundu alishushwa kwenye gari pamoja na masanduku mawili, akasimama barazani akitazama juu.

"Nilikuwa naangalia kama paa linavuja," Induben alisema. "Mama yangu alinionya kuhusu mvua za Bukoba."

Aliomba aruhusiwe kukaa. Jovita alimpa chumba cha binti yao Annastella, aliyeolewa Ngenge. Induben hakula nyama, lakini ebitoke, ndizi za kupikwa, kwa maharage alikula vizuri, na mchana alimsaidia Jovita kuchambua kahawa.

Hivyo aliuona mji ukipita. Mtaa uliwekwa lami. Miti miwili ikakatwa. Familia za jirani zikafunga maduka moja baada ya jingine, zikaondoka na magodoro juu ya gari. Nyumba yenye nakshi ya mbao upande wa kushoto ikawa ghala, kisha kiwanja, kisha benki. Ghorofa zikaota pembeni, na ziwa, lililokuwa limejaza dirisha zima, likabaki upana wa meza.

Jioni nyingi Vasant alipita barazani kufunga mabawa. Mwanzoni Induben alimtazama tu. Siku ya mwaka 2002 Vasant alikuwa ameanza kukohoa, na Induben alijua mwaka unaofuata hatakuja. Akamwita kwa Kigujarati. Vasant aliinama akachungulia ndani, akamwona mwanamke mzee kuliko mkewe, akamtambua.

"Uliniambia nisiiuze," Induben alisema. "Niliiuza. Nilitia sahihi."

"Uliuza nini?"

"Nyumba hii."

Vasant aliugonga ukuta kwa kiganja. "Hii? Hii itatuzika sote." Akamtakia usiku mwema, akafunga.

Induben alilala mapema siku ile. Asubuhi alimweleza Jovita jambo ambalo hata Jalpa hakuwahi kuambiwa. Baada ya tetemeko, mhandisi alikuja na karatasi iliyosema nguzo za baraza zimepasuka na nyumba itaanguka. Mfanyabiashara Aristides akajitolea kuinunua hivyohivyo, na ubovu wake. Tangu hapo alijilaumu kwa kutoitunza nyumba ya mumewe.

Siku ya mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya tetemeko, nguzo zilionekana vizuri kutoka sebuleni. Mutembei, aliyekuwa fundi ujenzi kabla ya kurudi kwenye kahawa, alizichunguza moja moja. Hazikuwa na ufa. Siku iliyofuata, saa moja asubuhi, mhandisi alifika barazani na tindo na nyundo. Alifanya kazi kwa uangalifu, nguzo hadi nguzo, akafagia vumbi, akapiga picha.

"Nilisikia ile nyundo," Induben alisema. "Nilidhani jirani anatengeneza kitanda."

Mutembei alimpigia simu afisa wa ardhi, Mwesiga. Afisa alisema atakuja keshokutwa.

Kesho yake meza ilikuwa imewekwa barazani. Aristides alikuwepo, mhandisi alikuwepo, na Induben wa mwaka 2019 alikuwa ameshika kalamu. Induben wa Nshamba alisimama, akashika kizingiti cha dirisha.

"Usitie sahihi," alisema. "Ufa ule wameuchonga."

Induben wa barazani aligeuka, akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama ndugu asiyejua kusoma.

"Mhandisi amesema," alijibu. "Ana karatasi." Akatia sahihi.

Mwesiga alifika siku ya tingatinga. Alikaa, akanywa chai, akatazama ukuta wa duka ukianguka. Alieleza kwamba angewahi juzi angeweza kuandika kitu, ila sasa dirisha lilikuwa limeshaipita siku ya tindo, na sahihi ni ya mlalamikaji mwenyewe. Aliusifu mkungu wa ndizi, akapewa.

Siku chache baadaye dirisha lilifika mwaka huu, likakoma. Mbele yake, umbali wa mkono, palikuwa na ukuta wa hoteli ya Aristides. Jovita alitundika ungo kwenye bawaba, kwani nafasi ilikuwepo.

Induben aliomba apelekwe mjini. Jalpa aliwaendesha yeye na Mutembei hadi hotelini. Mlinzi aliuliza kama ni wageni. Induben akasema wamekuja kuangalia, na mlinzi akawaelekeza kwenye mgahawa wa ghorofa ya tano.

Kutoka juu kulionekana ziwa lote, Kisiwa cha Musira, na mvua iliyokuwa bado mbali. Induben alisimama muda mrefu. Miaka hamsini na minane ya kukaa mahali pale, hakuwahi kuliona vizuri kiasi hicho, na alisema hivyo.

Aristides, aliyekuwa meza ya pembeni, alimtambua. Aliinuka, akamwamkia kwa heshima kwa mikono miwili, akauliza kama mandhari imempendeza.

"Imenipendeza," Induben alisema. "Ilikuwa yangu."

Aristides alicheka kwa adabu, akamwita mhudumu, akamwambia amletee mama biskuti.