Fundi wa Matisi Aliona Nini

Edinah, mwalimu wa fizikia huko Sirisia, Bungoma, alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoigeuza kuwa nodi ya bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Ilihifadhi nakala ya rekodi zote za sarafu hiyo na kuzigawia kompyuta nyingine duniani. Yeye mwenyewe hakuwa na sarafu hata moja. Alitaka tu kuelewa.

Jumanne moja alipigiwa simu na Chepkirui, fundi wa kampuni ndogo ya Kitale iliyomuuzia intaneti.

"Mwalimu, kwako kuna nini? Laini yako inatuma data mchana kutwa. Majirani wanalia ati intaneti iko slow."

"Kwani huwezi kuona ni nini?"

"Sijaangalia."

Mwingine angeizima kompyuta yake. Edinah alikaa siku nne akijiuliza fundi anaweza kuona nini, kisha Jumamosi akaenda Kitale hadi ofisi yao mtaa wa Matisi.

"Nimekuja kuona unachoona," alisema.

Chepkirui alicheka, akamvutia kiti. Kwenye skrini namba zilikuwa zikishuka mfululizo.

"Ujumbe wenyewe siusomi, umefungwa. Lakini hii namba, 8333, ni mlango wa bitcoin. Na ona, unaongea na Ujerumani, Brazil, Japani, zote saa moja. Mtu wa kutazama video haendi hivyo."

Edinah alihisi aibu kidogo, kama aliyechunguliwa dirishani. "Ni makosa?"

"Kwa mkataba wetu, hapana. Shida ni mnara wa intaneti mnaotumia na majirani, bana. Unaumaliza."

"Na nikiificha?"

"Jaribu. Kesho niko zamu, nipigie."

Jumapili, baada ya kanisa, Edinah aliipitisha nodi kwenye Tor, mtandao unaoficha data inakoenda. Akapiga simu.

"Sasa?"

Chepkirui aliangalia skrini yake. "8333 imepotea. Naona Tor tu. Kama singekujua, singesema ni bitcoin. Ila ningejiuliza huyu anaficha nini."

Edinah hakuwa na la kuficha, akaondoa Tor jioni hiyo. Akaiwekea nodi kikomo cha data inayotuma, na majirani wakatulia.

Jumatatu aliwasimulia wanafunzi wa kidato cha tatu. Wakauliza maswali mpaka kengele ikalia. Mawili yalimshinda, akayaandika kwenye karatasi, akatoka nje kumpigia Chepkirui.