Mbuzi Katika Hadithi ya Garama

Mwalimu Garama ndiye aliyemfundisha mkewe, Nyevu, kusoma. Jambo hilo alilitaja mara nyingi mwaka ule wa 1948, hasa baada ya kitabu cha Nyevu kutoka kwa wapiga chapa, chembamba, chenye picha ya mbuzi kwenye jalada. Kilikuwa kisa cha mbuzi aliyekataa kuvuka kwa feri kutoka Likoni kwenda kisiwani, akawahangaisha mabaharia, askari na hata mwenye feri. Kabla ya mvua za vuli hakukuwa na mtoto shuleni asiyejua maneno ya mbuzi yule: "Sivuki ng'o, labda bahari inipishe."

Garama naye alikuwa na hadithi yake. Aliiandika kwa hati nzuri, akaituma kupigwa chapa, ikarudi. Akaituma tena, ikarudi tena. Nyumbani haikuzungumzwa.

Shule ilipoamua kumfanyia Nyevu sherehe, mwalimu mkuu, Bwana Mwarandu, alimwita Garama.

"Wewe ndiwe utakayemkaribisha mbele ya watoto. Nani amjuaye kukushinda?"

"Vyema," alisema Garama. Alitoka pale ulimi umekuwa mchungu.

Siku ilipofika, Mzee Mahfudh mwenye duka alileta sinia ya halua. Wasichana wa darasa la pili walimvika Nyevu shada la asumini. Mvulana mmoja alikuwa amejifunga ndevu za katani kidevuni, analia kama mbuzi, na kila alipolia wenzake walianguka kwa kicheko. Garama alitazama. Nusu ya watoto wale aliwafundisha yeye kushika kalamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea ua.

Alipoitwa, alisema maneno machache juu ya mkewe, kisha akatoa karatasi mfukoni.

"Kabla ya Bi Nyevu," alisema, "nitawasomea hadithi yangu."

Bwana Mwarandu alimtupia jicho, lakini Garama alikwisha kuanza. Ilikuwa hadithi ya mtoto aitwaye Tumaini, aliyeamka mapema, akanawa, akawaamkia wazee, akatumwa kisimani, akaenda bila kinyongo. Mwanzoni watoto walinyamaza kwa adabu. Ukurasa wa pili mmoja alipiga miayo. Punde mwenye ndevu za katani akamfinya jirani yake. Garama alipaza sauti, na kadiri alivyopaza ndivyo macho ya watoto yalivyomkimbilia Nyevu.

Nyevu akainuka taratibu.

"Samahani, Baba Kombe," alimwambia mumewe kwa upole, akawageukia watoto. "Haya, Tumaini amefika kisimani na ndoo yake. Mnadhani alimkuta nani amelala ukingoni?"

"Mbuzi!"

"Tumaini akamwambia, nipishe niteke maji. Mbuzi akajibuje?"

Wakaitikia wote kwa pamoja, sivuki ng'o, na paa la mabati likavuma. Mzee Mahfudh alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Watoto wakasema Tumaini aliitupa ndoo akatimua mbio.

"Tumaini hakuitupa ndoo," alisema Garama. Hakuna aliyemsikia. Alizikunja karatasi zake akaketi, akapiga makofi pamoja na wengine.

Njiani kurudi nyumbani alitangulia. Nyevu alimfikia karibu na migomba, shada bado li shingoni.

"Umenikasirikia."

"Umeichukua hadithi yangu mbele ya watu."

"Walikuwa wakikuacha, Baba Kombe. Nilitaka wabaki."

"Wangebaki."

Nyevu aliendelea kutembea. Garama akasimama.

"Basi niambie. Kwa nini wewe wakupende, mimi wanipigie miayo?"

"Wewe wanakuheshimu."

"Sikuuliza hilo."

Nyevu alilivua shada, akalishika mkononi kama asiyejua pa kuliweka. "Tumaini wako hana kosa hata moja," alisema mwishowe. "Hakuna mtoto anayemjua mtu kama huyo. Hata mwanetu Kombe hamjui."

Garama alitaka kumwambia kwamba asingejua hata alifu bila yeye. Neno lilimfika mdomoni. Akalimeza, akaendelea kutembea, na siku ile hawakusemezana tena ila kwa mambo ya chakula.

Wivu haukumtoka. Jumamosi, majirani walipokuja kumpongeza mkewe, alijitia ana kazi akaingia chumbani. Huko alichukua karatasi akamwandika Tumaini upya, akamtuma tena kisimani. Safari hii mtoto alipita kwanza jikoni kwa shangazi yake, akaiba kipande cha muhogo wa nazi, kikamuunguza ulimi. Garama alijikuta anatabasamu peke yake.

Mlango ulifunguka. Nyevu alikuwa amemletea chai.

"Waandika?"

"Hesabu za darasa," alisema Garama, akaifunika karatasi kwa mkono.