Mafuta Kwenye Pete za Darubini

Maganga alifika karakanani kwa Tarsisi Jumatano asubuhi, bunduki begani, na mkononi ameshika kitu kilichoviringishwa kwenye fulana kuukuu, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai.

"Mwangaluka, fundi!"

"Mwangaluka. Shikamoo, Bwana Maganga."

"Marahaba. Leo nimekuletea kazi ya heshima, siyo hizo baiskeli zako." Akaifungua fulana. Ndani yake kulikuwa na darubini ya bunduki, nyeusi, pamoja na pete mbili za chuma na kibao cha kuifungia. "Ilikuwa ya mpima madini mmoja Mzungu, amerudi kwao. Simba wamenilia ndama wanne tangu mvua zikatike, na macho yangu nayo yamezeeka. Nasikia jeshini ulikuwa unazifunga."

"Nilizifunga nyingi. Wakati wa vita vya Kagera."

"Basi. Ushirombo nzima ningemwendea nani mwingine?"

Kweli, angemwendea nani? Ila mtu mwingine angeona haya kuvuka kizingiti kile. Haikuwa imetimia hata miaka miwili tangu Ansgar, mdogo wake Tarsisi, afukiwe na kifusi ndani ya duara, shimo la dhahabu, la Maganga kule machimboni. Mbele ya kikao cha kijiji Maganga alisema kijana yule aliingia shimoni amelewa, akachimba kupita pale matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yalipoishia. Baadhi ya wachimbaji walimnong'oneza Tarsisi kwamba siku moja kabla ya ajali Maganga mwenyewe aliamuru matimba yang'olewe, yakashikilie duara lake jipya. Lakini wachimbaji ni watu wa kuhama. Kikao kilipoita mashahidi, walikuwa wameshatawanyika. Maganga akaleta ng'ombe mmoja msibani, wazee wakala, na kwake mambo yakawa yameisha. Sasa alikaa kwenye benchi la karakana akisifu utulivu wa Tarsisi, kana kwamba ng'ombe yule alikuwa amewafanya ndugu.

"Njoo Ijumaa," Tarsisi akasema.

Alifanya kazi ile kwa siku mbili, na kwanza aliifanya kama alivyofundishwa. Alisafisha kila chuma kwa petroli, ndani na nje, kwa sababu pete za darubini hazitaki mafuta. Zinatakiwa kuuma chuma kikavu. Akafunga kibao juu ya bunduki, akalaza darubini kwenye nusu za chini za pete. Akapima nafasi ya jicho, vidole vinne, ili bunduki ikipiga teke isimpasue mtu nyusi. Akatundika timazi kwenye boriti, akachungulia, akaizungusha darubini polepole mpaka ule msalaba mwembamba uliomo ndani yake ukalingana na uzi. Skrubu alizikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, asije akaikaza moja mpaka mwisho ikaupinda mwili wa darubini. Mwishowe alichomoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi na kufunga mtutu kwa nyuma, akachungulia ndani ya mtutu mtupu mpaka akaona alama ya chokaa ukutani, kisha akausogeza msalaba nao ukatua pale pale.

Alikuwa hajawahi kufunga darubini vizuri namna ile.

Akaifungua tena. Akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya ng'ombe, akapaka ndani ya pete zote mbili, utando usioonekana. Skrubu za mbele akaziacha zimelegea kidogo tu, kiasi cha kutosikika hata ukiitikisa bunduki sikioni. Risasi ya kwanza ingekwenda sawa. Ya pili ingepotoka kidogo. Ya tatu au ya nne, simba akiwa ameshajeruhiwa na anakuja mbio, ingekwenda inakotaka yenyewe.

Usiku hakulala vibaya. Hilo lilimtisha zaidi kuliko kitendo chenyewe, lakini hakuinuka kwenda kufuta.

Ijumaa Maganga alikuja na kofia mpya.

"Piga wewe, nione," alisema. "Mimi macho yangu bado hayajaizoea."

Hilo Tarsisi hakulitegemea, ila asingeweza kukataa. Fundi gani anakataa kujaribu kazi yake? Wakashuka nyuma ya karakana, kwenye kichuguu kilichopakana na shamba la pamba la Generoza, mjane wa Ansgar. Generoza alikuwa amekaa mkekani akichambua pamba, safi huku, chafu kule.

"Shemeji, mnaua nini leo?" aliuliza bila kuinua macho.

"Tunajaribu bunduki, Mama Mbuke. Ziba masikio."

"Masikio yangu yamesikia mabaya kuliko bunduki."

Maganga alijifanya hakusikia. Akapachika karatasi yenye duara la mkaa juu ya kichuguu, na badala ya kurudi, akasimama ubavuni mwake, hatua moja na nusu upande wa kulia. Wawindaji wa magobore wa huku hufanya hivyo siku zote: mwenye bunduki husimama jirani na shabaha aone risasi inapoingia, na kusimama pale ni kumpa mpigaji heshima. Tarsisi alijua desturi ile. Ila alikuwa amesahau kuihesabu.

"Rudi huku, Bwana Maganga!"

"Aa! Wewe ni fundi au siyo fundi? Piga, bwana!"

Tarsisi akalala kifudifudi, hatua mia moja kutoka kichuguuni, mbele ya mkeka wa Generoza, akaegemeza bunduki juu ya gunia la pamba. Akapiga. Maganga akainama, akainua kofia kwa furaha.

"Katikati!"

Akapiga ya pili, msalaba ukiwa pale pale katikati ya mkaa. Maganga akatafuta, akaonyesha kwa kidole.

"Kulia! Shubiri moja!"

Kulia ndiko alikosimama. Tarsisi akaelewa mara moja. Darubini ilikuwa imeanza kuteleza, na inakoteleza ni kwa Maganga. Akilenga kwa haki kabisa, katikati kabisa, risasi ya tatu au ya nne ingemfikia. Generoza angekuwa shahidi kwamba alimwambia mtu yule arudi. Hakuna kikao ambacho kingemtia hatiani. Ajali. Kama ile nyingine.

Akasukuma risasi ya tatu ndani. Kwenye kioo aliona kifungo cha shati la Maganga, aliona meno yake, alikuwa anatabasamu. Chuki aliyoitunza tangu siku ya kifusi ilimjaa mkononi, na kidole kikaanza kukaza chenyewe.

Ndipo akamsikia Generoza nyuma yake akikung'uta pamba, pu, pu, na akawaza: kesho yake je? Maganga atazikwa kwa heshima na maneno yake yatabaki kama alivyoyaacha. Ansgar atabaki mlevi. Mbuke atakua akiitwa mtoto wa mlevi, na mtu pekee awezaye kuufuta uongo ule atakuwa chini ya udongo kwa mkono wa Tarsisi.

Akakiondoa kidole. Akavuta komeo, akatoa risasi, akalichomoa komeo lote, akainuka na kwenda mpaka kichuguuni akiwa nalo mkononi.

"Vipi, fundi? Imekwama?"

"Pete nimezipaka mafuta," Tarsisi akasema. "Skrubu nimezilegeza. Nilitaka simba akuue. Halafu umesimama hapa, ikabaki kidogo nikuue mwenyewe. Tazama shimo la kwanza. Tazama la pili. La tatu lingekuwa wapi?"

Maganga akatazama karatasi, akatazama begani kwake. Kofia ikamtoka mkononi.

"Wewe… wewe ni mtu mwovu, Tarsisi."

"Ndiyo. Sasa unajua ilivyo kusimama mahali ukimwamini mtu, kumbe ameshalegeza kinachokushikilia. Ansgar alisimama hivyo hivyo. Komeo lako hili, chukua. Nenda polisi ukanishtaki. Nitakiri yote, nao wataniuliza kwa nini."

Maganga alilipokea komeo, lakini hakwenda popote. Alikaa chini kwenye udongo wa kichuguu na nguo zake nzuri. Generoza alikuwa ameshafika, pamba imemganda mikononi.

"Yalikuwa matimba kumi na mawili," Maganga akasema mwishowe, akiiambia ardhi. "Niling'oa sita. Nilidhani sita yangetosha siku mbili, tatu."

"Na pombe?" Generoza akauliza.

"Hakuwa amekunywa."

Tarsisi alisema, "Jumapili baada ya misa utasimama mbele ya watu, uyaseme haya haya."

"Jumapili ya nini?" Generoza akamkata. "Mpaka Jumapili huyu atakuwa Kahama. Saa hizi pale mashine ya kusaga kuna wanawake thelathini na madebe yao, na ndio walioniita mke wa mlevi. Inuka, mzee. Twende."

Akainuka. Maganga alitangulia, akifuata njia ya shamba kichwa wazi, Generoza nyuma yake, Tarsisi wa mwisho. Tarsisi alidhani angejisikia mshindi. Alichojisikia ni aibu, na chini yake kitu kidogo chepesi ambacho hakuthubutu kukipa jina.

Generoza alimwomba mwenye mashine azime injini. Kimya kikaingia ghafla, unga ukaendelea kuelea hewani, na foleni nzima ikageuka. Maganga akasema alichokuja kusema, haraka haraka na kwa sauti ya chini.

Mwisho wa foleni bibi mmoja, Zipora, alilitua debe lake chini.

"Huku nyuma hatukusikia," alisema. "Nani hakuwa amelewa?"

"Ansgar," Maganga akasema, na akaanza upya, kwa sauti.