Mwokaji na Damu Safi

Mtaa mzima ulikuwa ukifungua kinywa kwa mkate wa mwokaji huyu, na kiburi alikuwa nacho cha kugawa. Sasa eti daktari amwambie kuvimba tumbo na kuharisha kwa bintiye wa miaka mitatu, waliyemwita Chembe, huenda kunaletwa na ngano. Bora angemwambia anauza mchanga.

Damu ingepimwa, na mpaka siku hiyo mtoto ale mkate kama kawaida, daktari alisisitiza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Bwana afya akija kukagua, mwokaji husugua tanuri mpaka ling'ae; basi na mtoto naye akamsugua, damu isikutwe na ngano. Kwa wiki nyingi Chembe hakuonja hata ganda. Mama Chembe akiuliza, hujibiwa mikate imeisha dukani.

Majibu yakaja safi. Mwokaji akavimba kichwa.

"Nilisema mimi," akamwambia mkewe mbele ya daktari.

Daktari akamgeukia mtoto. "Mkate wa baba mtamu?"

"Sijui," Chembe akajibu. "Baba ananinyima."

Mama Chembe akamtupia mumewe jicho la kuunguza mkate.

"Kipimo hiki kinatafuta askari ambao mwili unawatoa kupigana na ngano," daktari akasema. "Ngano haikuingia, askari watoke wamkamate nani? Karatasi haijasema mtoto ni mzima. Mlisheni mkate wiki kadhaa, tupime upya."

Basi mwokaji akawa anamwokea kimkate kila asubuhi. Zile wiki za kunyimwa, tumbo la mtoto lilikuwa limetulia, naye baba alijifanya haoni. Sasa likaanza tena kuvimba. Siku moja Chembe akakishika kimkate, mkono wa pili tumboni.

"Baba, nile tena?"

"Kula, mama," akasema. Akaenda kujificha nyuma ya magunia ya unga.

Karatasi ya pili ilipotoka, kipimo kilikuwa kimepanda mno. Daktari akampa pole, akaeleza habari za daktari bingwa wa kuthibitisha ugonjwa. Mwokaji, aliyekuwa akiomba Mungu majibu yawe safi, hata hiyo pole hakuisikia.

"Kwa hiyo nitaruhusiwa kumnyima?"

"Bingwa akithibitisha, mnyime mpaka azeeke."

Mwokaji akasema ahsante, machozi yakamtoka mbele za watu.